Kiti Changu cha Dirishani

Nimefundisha jiografia katika shule ya sekondari kwa muda mrefu kiasi kwamba ninaweza kuuchora Mlima Kilimanjaro ubaoni huku nikiwa nimelitazama darasa: Kibo yenye mita 5,895 huku, Mawenzi yenye mita 5,149 kule, na katikati ule uwanda wa juu unaoviunganisha vilele hivyo viwili. Jambo nisilowaambia wanafunzi ni kwamba sijawahi kuuona mlima wenyewe ukiwa mzima. Nimeoa Machame, na kila niendapo ukweni mlima hujitanda mawingu siku ninayoshuka kwenye basi na kuyavua siku ninayopanda basi la kurudi, kama ninavyoelezwa baadaye kwa simu na watu wanaoonekana kufurahia sana kunieleza.

Kwa hiyo shemeji yangu anayeishi Nairobi alipojifungua, na kikao cha familia kikaamua kwamba mimi, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, ndiye nitakayemsindikiza mama mkwe kwenda kumlea mzazi, sikutoa udhuru wowote. Anayeruka kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi huuacha mlima mkono wake wa kushoto, na si mbali. Niliingia katika tovuti ya shirika la ndege, ambalo sitalitaja kwa sababu bado tunaandikiana, nikakuta kwamba safari ya asubuhi ingefanywa na ATR 72, ndege ya pangaboi. Wengine huikimbia pangaboi kwa sababu ya mlio wake. Mimi niliisoma habari zake nikaona imeundwa kwa ajili ya walimu wa jiografia. Mabawa yake yamewekwa juu ya madirisha, hivyo hayamzuii mtu kutazama chini, na kwa kuwa haivuki mita 7,600 hivi, abiria hukipita kilele cha Kibo kikiwa karibu kulingana na macho yake, badala ya kukichungulia kutoka juu kama mtu anayetafuta sarafu kisimani.

Viti vyake vimepangwa viwili viwili, A na C kushoto, D na F kulia. Nilichagua 11A, nyuma ya injini, nikalipa ada ya ziada inayotozwa kwa kuchagua. Mama nikamwekea 11C, kando ya njia, kwa sababu ya magoti yake. Mke wangu aliitazama risiti, akaniuliza kwa upole kama kweli nimelipia kuutazama mlima ambao kwao huonekana bure kupitia dirisha la jiko.

Siku chache kabla ya safari uliingia ujumbe ulioanza kwa maneno "Habari njema!" Katika maisha yangu, ujumbe wa namna hiyo kutoka kwa kampuni yoyote haujawahi kuleta habari njema, lakini niliusoma hadi mwisho. Safari ya asubuhi na ile ya mchana zilikuwa zimeunganishwa kuwa moja, ya mchana, na kwa ajili hiyo tungesafiri kwa ndege kubwa zaidi na ya kisasa, aina ya Boeing 737-800. Niliwapigia simu, nikasikiliza muziki wao mpaka nikaanza kuupenda, kisha akapokea binti mwenye sauti tulivu.

"Kiti chako hakijabadilika, baba. 11A, dirishani. Mama yuko 11C, kando ya njia."

Nilimweleza kwamba hofu yangu ni bawa, kwa maana 737 ina mabawa chini ya madirisha, na safu ya kumi na moja isingekuwa mbali nalo. Niliomba anisogeze mbele. Akajibu kwamba abiria wa safari mbili wamekusanywa, viti vyote vya dirishani upande wa kushoto vimekwisha, na kwamba mimi nimebahatika kuwa nacho. Nilimshukuru. Nilifikiria kwamba bawa nalo lina mwisho wake, na kwamba mlima wenye urefu ule hauwezi kufichwa na kipande cha bati.

Tulipanda. Mama mkwe alitangulia, ameshika mfuko wa ndizi mshare za mtori ambao hakukubali upelekwe kwenye mizigo, na mimi nikamfuata nikihesabu safu kwa kuzinong'oneza. Safu ya kumi ilikuwa na dirisha zuri. Safu ya kumi na mbili ilikuwa na dirisha zuri. Katika safu ya kumi na moja, mahali ambapo katika ndege yoyote iliyotengenezwa na binadamu mwenye huruma pangekuwa na dirisha, palikuwa na ukuta. Sisemi dirisha lilikuwa dogo au limefungwa. Ninasema ukuta wa plastiki, mweupe, laini, usio hata na mchoro wa kumpotezea mtu muda.

Nilimwita mhudumu nikamwomba, kwa adabu yote ya mtu aliyefuatana na mkwewe, anionyeshe dirisha langu. Aliitazama kadi yangu ya kupandia ndege, akautazama ukuta, akairudia kadi.

"Kiti ndicho hiki, baba. 11A."

"Kiti nimekiona. Nauliza dirisha."

"Ndege imejaa, baba," alisema, kana kwamba madirisha nayo yalikuwa yamepakiwa na watu waliowahi.

Mtu anayesafiri peke yake angeweza kupandisha sauti hapo. Mimi nilikuwa na mama mkwe kando yangu, na tangu siku ya posa nimemhakikishia mama huyo kwamba mimi ni mtu mpole. Niliketi. Mama akaketi 11C. Ndipo tulipogundua kwamba kati yetu kulikuwa na kiti ambacho katika mpango wangu hakikuwapo kabisa, kwa kuwa pangaboi ile ilikuwa inaruka kutoka A hadi C bila kupitia B, na kwamba B hiyo ilikuwa na mwenyewe, baba mmoja mwenye mwili wa kushiba na mabega yaliyohitaji nafasi yao na sehemu ya yangu.

Alipojua shida yangu alifurahi sana, kwa sababu alikuwa fundi wa ndege mstaafu na, kwa jinsi alivyoanza, nadhani tangu astaafu hakuna aliyemuuliza kitu. Alinieleza kwamba chini ya sakafu, kwenye tumbo la ndege, zimekaa mashine zinazopoza hewa moto inayotoka kwenye injini, na hewa hiyo lazima ipande hadi darini ndipo igawiwe abiria. Bomba linaloipandisha limepita ndani ya ukuta, upande huuhuu wa kushoto, na mahali bomba linapopita hapawezi kutobolewa dirisha. Alisema 737 iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1967. Aligonga ukuta wangu mara mbili kwa kidole ili niusikie.

"Wewe una bahati, mwalimu. Hewa ya ndege nzima inapita begani kwako."

Milango ilipofungwa, mhudumu alirudi akiwa na tabasamu. Abiria mmoja hakutokea, kiti 4A kilikuwa wazi, dirishani, mbele ya bawa, na angeweza kumhamishia mmoja wetu. Mama mkwe alinigeukia, akasema kwa sauti iliyofika safu ya ishirini, "Nenda wewe, mwanangu. Ukauone mlima wako. Mimi nitavumilia hapahapa na magoti yangu."

Watu walinyamaza kungoja jibu. Hajazaliwa bado mkwe ambaye, mbele ya mashahidi wote hao, angenyanyuka akamwacha mama wa mke wake avumilie na magoti yake. Nilisema hata sikufikiria kwenda, nikambebea ndizi hadi 4A, nikaliona dirisha kwa muda wa kutosha kuthibitisha kwamba lilikuwa safi, nikarudi ukutani. Nilitarajia yule fundi ahamie 11C iliyobaki wazi ili tupumue, lakini alibaki B, kwa sababu alikuwa bado hajafika kwenye mfumo wa breki.

Tulikuwa tumekwisha kunywa soda pale rubani alipotangaza kwamba walioketi upande wa kushoto walikuwa na bahati ya kuuona Mlima Kilimanjaro, umetokeza juu ya mawingu, hali nzuri kuliko alivyowahi kuiona mwezi ule. Nilikuwa upande wa kushoto. Abiria wa kulia walianza kuvuka kuja kwetu wakiwa na simu mikononi. Mmoja baada ya mwingine aliinama juu ya fundi, akaelekeza simu kwangu, akakutana na ukuta, akasema "samahani" kwa sauti ya mtu aliyefungua mlango wa bafu lenye mtu, akaenda safu nyingine. Dada mmoja alipiga picha kabla ya kutambua. Sina shaka kwamba katika simu yake nimo mimi, sura ya uchungu, katika albamu ya Kilimanjaro.

Nilijaribu nyuma: wa 12A alikuwa amelala, kichwa chake kimeliziba dirisha. Nilijaribu mbele, kwenye upenyo kati ya kiti na ukuta, nikaliona sikio la mtoto wa kama miaka sita aliyebandika pua kiooni.

"Mwanangu," nikanong'ona, "unaona vilele vingapi?"

"Viwili."

Moyo ulinidunda. "Kimoja bapa juu, cheupe, na kingine kimechongoka?"

Alitafakari. "Kimoja kina aiskrimu."

"Na hicho kingine?"

"Kingine kimevunjika."

Ninakiri kwamba katika miaka yote ya kusahihisha mitihani sijapata maelezo ya Mawenzi yaliyo sahihi zaidi ya hayo, nami nilikuwa ninajiandaa kumuuliza kuhusu barafu ya upande wa kusini pale mama yake aliponigeukia kwa jicho lililoumaliza mtihani.

Uwanja wa ndege wa Nairobi nilimpokea mama mkwe mkono nikamuuliza ameuonaje mlima. Alisema jua la mchana lilikuwa linamchoma upande ule, akashusha kipazia tangu Dar es Salaam, akalala usingizi mzuri sana.

"Rubani alitangaza, Mama."

"Nilimsikia. Sasa mlima si upo tu, mwanangu? Utakwenda wapi?"

Niliporudi niliwaandikia shirika kudai ada yangu ya kiti. Walijibu kwamba, kwa mujibu wa masharti ya usafiri, wanaweza kubadilisha ndege wakati wowote, na kwamba wanaorudishiwa ada ni wale waliokosa kiti walicholipia. Kumbukumbu zao zinaonyesha kwamba mimi nililipia 11A na nikakaa 11A. Niliwaeleza kuhusu bomba la hewa, nikitumia maneno ya kitaalamu niliyoyapata kwa fundi. Waliomba ushahidi wa picha. Kwa bahati nilikuwa nimepiga picha tukiwa angani, kwa hiyo niliituma siku hiyohiyo: kiti, namba ya safu, na ukuta.

Jibu lao lilifika juzi. Wananishukuru kwa ushirikiano, wanasikitika kwamba picha niliyoituma haionyeshi kitu, na wananiomba nitume nyingine inayoonyesha dirisha ninalolilalamikia.