Moyo ni wa mchezaji, lakini nani amwambie basi?

Tarehe 12 Juni 2021, Copenhagen, dakika chache kabla ya mapumziko, mpira ulirushwa kumfuata Christian Eriksen, mchezaji wa soka wa Denmark. Aliusogelea, akayumba, akaanguka kifudifudi bila kuguswa na mtu. Wenzake walimzunguka wakiwa wamempa mgongo, nyuso zao zikitazama nje, wengine machozi yakiwatoka, ili kamera zisimwone akikandamizwa kifua. Moyo ulikuwa umesimama. Ulirudi baada ya kushtuliwa kwa umeme.

Siku chache baadaye alipandikizwa kifuani kifaa kidogo, ndugu wa ile betri ya moyo tunayoisikia Muhimbili: mapigo yakivurugika, chenyewe kinaushtua moyo. Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Klabu yake, Inter, ni ya Italia, na kule mwenye kifaa hicho haruhusiwi kucheza. Desemba wakaachana. Februari 2022 Eriksen alikuwa uwanjani Uingereza na jezi ya Brentford, na kwenye Euro ya 2024 akaifungia Denmark bao. Moyo uleule, nchi mbili, majibu mawili.

Mwanzoni niliiona sheria ya Waitalia kuwa ya kikatili. Nimelegeza msimamo. Tangu 1982 wanamlazimu kila mwanamichezo wa mashindano kupimwa, pamoja na kipimo cha umeme wa moyo, na katika mkoa wa Veneto vifo vya ghafla vilishuka kutoka 3.6 hadi 0.4 kwa kila wanamichezo 100,000 kwa mwaka. Nwankwo Kanu ni shahidi. Mwaka 1996 madaktari wa Inter waligundua valvu ya moyo wake ni mbovu, akapasuliwa Marekani, na sisi tukaja kumshangilia Arsenal. Marc-Vivien Foé hakupata bahati hiyo. Alianguka Lyon tarehe 26 Juni 2003 akiichezea Kamerun, akafariki akiwa na miaka 28, na unene wa misuli ya moyo wake ukaonekana alipofanyiwa uchunguzi baada ya kifo.

Lakini kupimwa si kinga. Uingereza walipima vijana 11,168 wa soka kwa miaka 20, wakapata 42 wenye magonjwa ya moyo yanayoweza kuua ghafla. Baadaye vijana 8 kati ya wote waliopimwa walifariki kwa moyo, na 6 kati ya hao 8 walikuwa wameambiwa wako salama. Israel nako walipitisha sheria ya kupima mwaka 1997, na utafiti wa baadaye haukuona vifo vikipungua.

Tena kuna jambo linalotugusa sisi moja kwa moja. Mazoezi makali huukuza moyo wa mtu mzima wa afya, na kwa wanamichezo weusi mchoro wa umeme wa moyo mara nyingi hutoka na mikunjo inayofanana na ya ugonjwa, kumbe ndivyo moyo huo ulivyo. Vigezo vya kimataifa vya kuisoma michoro hiyo sasa vinalizingatia hilo, lakini daktari asiyevifuata anaweza kumfungia mlango kijana mzima wa Kigoma kwa ugonjwa asiokuwa nao. Ndiyo maana sikubali upimaji wa haraka haraka unaoishia kwenye ndiyo au hapana, bila daktari wa moyo mwenye uzoefu na wanamichezo.

Basi tumwachie mchezaji aamue mwenyewe? Nataka kusema ndiyo, kisha namkumbuka Raphael Dwamena. Mghana huyu alikuwa na kifaa kama cha Eriksen, baadaye akaamua kitolewe, akaendelea kucheza. Tarehe 11 Novemba 2023, huko Albania, dakika ya 24, alianguka na hakuinuka tena. Alikuwa na miaka 28. Kumwambia mtu mzima achague ni heshima, lakini uamuzi una uzito mwingine pale mshahara wake unapolisha wazazi, wadogo zake na ada za wapwa, na daktari anayemshauri analipwa na klabu inayomhitaji Jumamosi. Kwa hiyo nakubali mchezaji achague, kwa sharti kwamba anayempima hana mkataba na klabu, na kwamba akikatazwa kucheza mshahara wake haukatiki siku hiyohiyo.

Na kuna hatua isiyohitaji ubishi wowote. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka London tarehe 17 Machi 2012 akiichezea Bolton dhidi ya Tottenham. Daktari wa moyo aliyekuwa jukwaani kama shabiki alishuka kusaidia, na moyo ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Hakucheza tena, lakini yu hai. Kila dakika inayopita bila kushtuliwa inapunguza nafasi ya mtu kupona, na mashine ya kuushtua moyo haihitaji profesa, kwani yenyewe inamwelekeza mtumiaji kwa sauti. Kabla ya kubishana kuhusu sheria za Italia, kila anayesimamia mechi kwetu, hata ya mchangani, aulizwe mashine iko wapi na nani atakwenda kuichukua mbio.