Bayocha kwenye viazi: udongo wako unaihitaji?

Kuanzia Isyonje hadi Makete, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mkulima wa viazi mviringo hakosi kulalamikia bei ya mbolea ya kupandia. Ndiyo maana bayocha, mkaa wa mabaki ya mazao uliochomwa kwa hewa kidogo kisha ukafukiwa shambani, inasikilizwa kwa hamu. Mimi naiunga mkono. Ninachopinga ni kuinadi kama mbolea.

Pasua kipande cha mkaa wa gunzi ukitazame: ni vitundu vitupu. Humo ndimo maji na virutubisho hujishika visisombwe na mvua zetu za Novemba hadi Aprili. Tena mkaa hupunguza tindikali, na udongo mwekundu wa Mufindi na Njombe mara nyingi unayo kupita kiasi. Tindikali ikizidi, alumini huyeyuka na kudumaza mizizi, na hata samadi nzuri hailipi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka mwaka 2017 ulikuta mavuno katika nchi za joto yakipanda kwa wastani wa asilimia 25, ilhali nchi za baridi hazikupata nyongeza.

Lakini faida hiyo ilitokana na udongo kuwa mchovu na wenye tindikali. Udongo mweusi wa volkano wa milima ya Uporoto, Mbeya, una mboji nyingi na ni tifutifu tayari; huko sitegemei makubwa. Na anayemwaga mkaa kwa pupa akapunguza tindikali ya udongo kupita kiasi, anaukaribisha ugonjwa wa ukurutu kwenye viazi. Kiazi chenye magamba mnunuzi hukiweka kando.

Kuna tuta moja nililolitazama kwa uchungu. Mwenyewe alikuwa amefukia mkaa mtupu wa pumba za mpunga, na majani ya chini yakawa njano huku tuta la pembeni likiwa kijani kibichi. Mkaa mtupu hunyang'anya mmea naitrojeni. Unatakiwa uloweshwe kwanza kwa mkojo wa ng'ombe, au uchanganywe na samadi ukae wiki mbili tatu.

Gharama nayo si ndogo. Tani 10 kwa hekta, kiwango kinachotajwa mara nyingi, ni kama tani 4 kwa ekari, na kuzipata unahitaji pumba kavu tani 12 au zaidi. Pumba zipo Igurusi na Ubaruku, kwenye mpunga wa Mbarali, ila wachoma matofali nao wanazitaka, na ni nyepesi: gari hujaa kabla halijafikisha uzito. Kuzipandisha Uporoto hakulipi. Na mtu akikata miti ili atengeneze bayocha, hasara yake ni kubwa kuliko viazi atakavyovuna.

Kwa hiyo ningemshauri mwenye magunzi uani na ng'ombe zizini, hasa kwenye udongo mwekundu, aanze na matuta matatu. Aweke mkaa uliolowa kwenye mfereji wa kupandia tu, matuta mengine matatu ayaache bila mkaa, mbegu na mbolea ziwe zilezile. Siku ya kuchimba, apime kila upande kwa mizani.