Nusu ya Kyoto: uga wa sumaku umefichua au umeficha?
Ukilitazama lema la mvuvi lililoanikwa pwani ya Mji wa Kale, hapa Mombasa, utaona pazi zimepishana kwa njia tatu, zikaacha matundu ya pembe sita na, baina yake, vipembetatu vidogo. Weka kwenye kila kona ya kipembetatu elektroni moja ambayo spini yake (usumaku wake mdogo wenye upande wa kuelekea) hutaka kuelekea kinyume cha jirani zake: mbili za kwanza zitapatana, ya tatu haina pa kuelekea. Huo ndio mkwamo wa sumaku. Madini ya hebasmithaiti, ambayo atomi zake za shaba zimesukwa kwa mtindo huo huo, hayajipangi hata yakipoozwa hadi karibu na sifuri kamili, yaani baridi ya mwisho kabisa, na tangu mwaka 1973 mwanafizikia Philip Anderson alikuwa amependekeza kwamba spini zilizokwama zinaweza kubaki kioevu cha kikwantamu, yaani hali ambayo spini haziachi kubadilika, kama maji yasiyoganda.

Mabishano makali zaidi kuhusu kama kioevu hicho kimeonekana, hata hivyo, yako kwenye kloridi ya rutheni. Atomi zake zimepangwa kama sega la nyuki, na kila kimoja cha viungo vyake vitatu kinaivuta spini ilale kwenye mhimili wake, karibu na alivyoeleza mwanafizikia Alexei Kitaev mwaka 2006. Bila uga wa sumaku wa nje, spini hizo hujipanga chini ya kelvini 7 hivi (nyuzi saba juu ya sifuri kamili); ukipitishwa uga wa tesla 7 au 8 sambamba na matabaka ya fuwele, mpango huo hufutika. (Tesla 8 ni zaidi ya mara laki moja ya uga wa dunia, ule unaogeuza sindano ya dira ya nahodha.)

Mwaka 2018 watafiti wa Kyoto, Japani, walitangaza kwamba, katika hali hiyo, joto linalopinda kando ndani ya fuwele hutulia kwenye nusu kamili ya kipimo kinachotokana na konstanti za maumbile pekee. Nusu hiyo ndiyo alama ya chembe za Majorana, zilizo kama nusu ya elektroni, ambazo Kitaev alitabiri zingejitokeza katika kioevu cha aina hiyo, na wanaoitetea wana hoja nzito, kwani mitetemo ya kawaida ya fuwele haina sababu ya kusimama hapo. Lakini watafiti wa Princeton, Marekani, walipopima fuwele zao waliona joto hilo likipanda taratibu kadiri halijoto inavyopanda, bila kutulia popote, na wengine wanasema kinacholipinda ni mitetemo ya fuwele tu. Tena matabaka ya kloridi hii hushikana kwa udhaifu na hupangana vibaya kwa urahisi, hivyo fuwele mbili zinaweza kutoa majibu mawili.

Mimi naegemea wenye shaka. Uga mkali hufuta mpango wa spini kwa njia mbili: waweza kuziachia ziwe kioevu, au waweza kuzilazimisha zote zimwelekee bwana mmoja, yaani uga wenyewe, na kufutika peke yake hakutuambii ni ipi iliyotokea. Wenye shaka nao wana deni: hawajaeleza vya kuridhisha kwa nini fuwele kadhaa, zikiwemo zilizopimwa nje ya Kyoto, zilisimama kwenye nusu ile ile.