Nadharia ya nyuzi haili pesa nyingi, inakula nafasi

Nikitaja nadharia ya nyuzi, ile inayosema kila chembe ya maada ni uzi mdogo mno unaotetema, mbele ya walimu wenzangu wa fizikia hapa Nairobi, hakosi mmoja wa kuniambia kwamba Wazungu wana pesa za kuchezea. "Miaka zaidi ya hamsini, mwalimu, na hawajapima kitu!"

Kwenye kupima, siwabishii. Nyuzi zenyewe, kama zipo, hukadiriwa kuwa na urefu wa karibu mita 10⁻³⁵, na hakuna mtambo duniani unaokaribia kuona kitu kidogo hivyo. Mtambo wa LHC wa kugonganisha chembe, wenye mzingo wa kilomita 27 chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, uliipata chembe ya Higgs, ile inayohusishwa na chembe nyingine kupata masi, mwaka 2012. Zile chembe za supasimetria, yaani pacha wazito wa chembe tunazozijua, ambazo wengi wa kambi ya nyuzi walizitazamia hazijaonekana mpaka leo. Tena nadharia yenyewe inaruhusu malimwengu chungu nzima. Hesabu inayotajwa sana ni 10⁵⁰⁰. Sasa hapo utaikamata wapi ikidanganya?

Ila hiyo hoja ya pesa haina mashiko. Mtaalamu wa nyuzi anataka mshahara, ubao, kompyuta na nauli ya mkutano. Linganisha na ule mtambo wa SSC, nao wa kugonganisha chembe, ambao Marekani ilianza kuuchimbia handaki Texas, ikaufuta mwaka 1993 baada ya kutumia takriban dola bilioni 2, bila chembe hata mbili kugonganishwa.

Kinachonikera mimi ni nafasi za kazi. Mwaka 1984 wanafizikia Michael Green na John Schwarz walionyesha kwamba hitilafu moja kubwa ya kihesabu katika nadharia hiyo inajifuta yenyewe, na vijana wakafurika huko. Kufikia mwaka 2006, Lee Smolin na Peter Woit, wakosoaji wa nadharia hiyo, walikuwa wameandika wazi kwamba kambi moja imehodhi ajira huku njia nyingine za kuunganisha mvutano na kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo mno, zikibaki na makombo. Wenye nyuzi waliwajibu kwa ukali, lakini naona lalamiko hilo lina uzito. Kijana mwenye akili zake huangalia nani anaajiri kabla ya kuchagua swali la kuhangaika nalo, na nani atamlaumu?

Mavuno yapo, tusidanganyane. Mwaka 1996 Andrew Strominger na Cumrun Vafa walitumia nyuzi kuhesabu entropia, yaani kipimo cha idadi ya mipangilio ya ndani, ya aina fulani ya shimo jeusi, wakapata jibu lile lile la fomula ya awali ya Bekenstein na Hawking, iliyopatikana bila nyuzi. Na mashimo meusi si habari za ugenini kwetu: setilaiti iliyosaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1, chanzo cha eksirei angani, huenda ni shimo jeusi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, pwani ya Malindi, Jamhuri Dei ya mwaka 1970, ikaitwa Uhuru. Wanafunzi wangu wengi hawajawahi kuisikia.

Sheria yetu ya sayansi ya mwaka 2013 ilitaja asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti. Lakini mimi nafundishia maabara ambamo ameta, kile kifaa cha kupima mkondo wa umeme, yenye mshale unaokwama hupitishwa meza hadi meza, na wa meza ya mwisho hunakili vipimo vya wenzao. Kwa nchi ya namna hii, fizikia ya nadharia, isiyodai vifaa vya maabara, ni mlango ulio wazi. Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan, aliliona hilo alipoanzisha kituo cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia, mwaka 1964, na tangu 2018 Kigali ina taasisi dada ya kituo hicho.

Kwa hiyo fungu la nyuzi libaki. Nafasi za kazi, hizo zitangazwe kwa jina la tatizo, mvutano wa kwanta kwa mfano, na kila kambi ishindane. Mwanafunzi wa Chiromo, kampasi ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, akiniuliza kama aingie huko, humwambia azisome hesabu zake zote, maana zinatumika kwingi, ila tasnifu yake ya kwanza aandike juu ya kitu ambacho mtu anaweza kukipima kabla yeye hajastaafu.