Dar tunauliza nani kabebwa, Toronto wanauliza kura zimehesabiwaje

Tuzo za Oscar za Machi 2025 zilianza saa 1 jioni kwa saa za Toronto. Dar ilikuwa saa 9 usiku, jiji limelala. Hadi daladala za Mbagala zinaanza kujaa, Anora ilikuwa imeshazoa tuzo tano, ikiwamo ya filamu bora, na kijiweni ikabaki kazi ile tunayoiweza kuliko wote: kuamua nani kabebwa, yaani kapendelewa.

Neno hilo, kubebwa, ndilo linalotutenganisha na huku ughaibuni. Si kwamba huku hawabebani. Wanabebana sana, tena kwa bajeti: mabango ya barabarani Los Angeles, maonyesho maalumu kwa wapiga kura, waigizaji kuzungushwa mahojiano miezi mitano mfululizo. Ila mtu wa huku anayefuatilia msimu wa tuzo, filamu asiyoipenda ikishinda, huanza na hesabu: kura kapiga nani, na zimejumlishwaje. Sisi Dar tunaanza na mtu, tunamaliza na mtu, katikati tunaongeza ubuyu. Ni mtoto wa Dar ninayesema, msinitafutie ubaya.

Hesabu yenyewe si ngumu. Academy, chama cha wanafilamu kinachotoa Oscar, kina wapiga kura takriban 10,000. Katika vipengele vingi duru ya mwisho ni rahisi, mwenye kura nyingi kachukua. Filamu bora ni habari nyingine. Tangu sherehe ya 2010, mpiga kura hupanga filamu zilizoteuliwa, ambazo siku hizi ni kumi, kwa namba kuanzia anayoipenda zaidi. Chukua wapiga kura 100 na filamu nne. A imewekwa namba moja na watu 38, B na 27, C na 20, D na 15. Kwa kura za SMS tulizozizoea, A kashinda, twendeni tukale ubwabwa. Kwa Oscar bado, maana hakuna aliyevuka nusu. D inatolewa, na karatasi zake 15 zinafunguliwa kuangalia namba mbili: 9 zinakwenda B, 4 C, 2 A. Sasa A ina 40, B 36, C 24. C nayo inatoka. Karatasi zake 24 zinagawanyika 20 kwa B na 4 kwa A. Mwisho wa yote B ina 56 na A ina 44.

A ilipendwa na wengi kuliko zote na bado imeanguka, kwa sababu wengi wasioiweka namba moja waliiweka chini ya B. Ndiyo maana wabashiri wa huku hawaulizi tu filamu ipi ina mashabiki wakali. Wanauliza ipi haina maadui. Green Book ilipoishinda Roma mwaka 2019, wengi walipiga kelele za kubebwa, na wabashiri wakajibu kwamba hiyo ndiyo sura ya filamu inayopata namba mbili na tatu nyingi. Kuthibitisha haiwezekani, kwa kuwa Oscar haitangazi idadi ya kura hata siku moja. Kanuni iko wazi, karatasi zimefungwa. Na anayeilaumu kanuni hii kwa ushindi wa Crash mwaka 2006 kakosea mlango: enzi hizo kila mtu alichagua filamu moja tu.

Ubashiri nao una utaratibu wake. Golden Globes zina kelele nyingi lakini wapiga kura wake ni waandishi, si wanachama wa Oscar, kwa hiyo zinaeleza upepo tu. Tuzo za chama cha watayarishaji zina uzito zaidi kwa sababu mbili: baadhi ya wapiga kura ni wale wale, na kuhesabu ni kwa namba vilevile. Hata hivyo si msahafu. La La Land iliichukua tuzo hiyo ikaangushwa na Moonlight mwaka 2017. 1917 nayo ikaichukua, halafu Parasite ikashinda mwaka 2020. (Kuhusu ile bahasha ya 2017, La La Land ilipotangazwa kimakosa badala ya Moonlight: kila kipengele huwa na bahasha mbili, moja kila upande wa jukwaa, na watangazaji walikabidhiwa nakala ya pili ya mwigizaji bora wa kike. Dar tungekuwa bado tunatafuta nani alilipwa.)

Cannes, tamasha la filamu la Ufaransa, ni kinyume kabisa. Huko hakuna maelfu ya wapiga kura. Wapo majaji tisa wanaojifungia chumbani, na hesabu zao hazina wa kuzikagua. Mbashiri anashika nini? Anashika kanuni ya mgao. Mwaka 1991 Barton Fink ilichukua Palme d'Or (tuzo kuu ya Cannes), muongozaji bora na mwigizaji bora wa kiume, yote kwa mpigo, na miaka ya baadaye tamasha likabana: siku hizi anayepata Palme hapati nyingine. Mwaka 2013 majaji walizunguka kizuizi hicho kwa kuwapa Palme muongozaji pamoja na waigizaji wake wawili wa kike. Siku ya mwisho, timu zitakazopata kitu huitwa zirudi Cannes. Mbashiri anaangalia nani karudi. Akirudi mwigizaji peke yake, bila muongozaji, basi filamu hiyo pengine imepata tuzo ya uigizaji, na Palme umeitoa kwenye orodha yako.

Kitu ambacho mbashiri makini hakishiki ni dakika za makofi. Kwenye tamasha la Venice 2025, filamu kuhusu mtoto Hind Rajab wa Gaza ilipigiwa makofi zaidi ya dakika 20. Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya huko, akaenda kwa filamu ya Jim Jarmusch, na hiyo ya Hind ikapata tuzo ya pili ya majaji. Wengi walikasirika, na hasira yao naielewa. Lakini anayepiga makofi ukumbini hana kura.

Na tungesemaje Dar kuhusu tamasha la Berlin 2024? Rais wa majaji alikuwa Lupita Nyong'o, na Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya Berlin, alikwenda kwa Dahomey ya Mati Diop, inayofuata vitu 26 vya kale vilivyorudishwa Benin kutoka Ufaransa. Kijiwe kingemaliza kesi kwa sentensi moja: Mwafrika kambeba Mwafrika mwenzake. Majaji walikuwa saba.

Tamasha la Toronto ndilo linalofanana nasi kuliko yote, kwa sababu tuzo yake kubwa hutolewa na watazamaji. Zamani walitumbukiza vipande vya tiketi kwenye sanduku mlangoni, siku hizi hupiga mtandaoni. Tofauti na SMS zetu ni kwamba kura imefungwa kwenye tiketi, kwa mtu aliyekaa ukumbini. Kwetu kura ikipigwa kwa SMS au kwa kiungo cha mtandaoni, mwenye laini nne ana kura nne, na msanii mwenye wafuasi milioni ameshinda kabla filamu haijaonyeshwa. Halafu tunamlaumu jaji.

Hili linarekebishika bila fedha nyingi. Namba ya tiketi ya Mlimani City iwe ndiyo namba ya kura, inatumika mara moja tu. Kisha usijumlishe kura, tafuta asilimia ya waliotazama. Filamu iliyotazamwa na watu 600 ikapata kura 300 ina asilimia 50, na iliyotazamwa na 150 ikapata 120 ina asilimia 80. Ukihesabu vichwa ya kwanza inashinda, ukihesabu asilimia ni ya pili. Ila weka kiwango cha chini, tuseme watazamaji 100, la sivyo mtu atajaza ukumbi wa viti 30 kwa shangazi na binamu na kupata asilimia mia. Na kanuni hiyo itangazwe siku vipengele vinapotangazwa, isisubiri malalamiko.

Ingawa tunapenda hesabu tukishindwa tu. Waigizaji wetu Elizabeth Michael na Single Mtambalike waliporudi na tuzo kutoka Lagos mwaka 2016, sijui kijiwe kilichouliza kura za AMVCA, tuzo za filamu za Africa Magic, zilijumlishwaje.

Sehemu moja Dar inawashinda huku: watazamaji wetu hawajui unafiki. Kwenye kibanda umiza filamu mbovu inazomewa dakika ya kumi, na enzi za Lufufu, aliyekuwa akitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili, hata mtafsiri alikuwa hamung'unyi maneno. Huku watu husimama na kupiga makofi kwa sababu muongozaji yupo ukumbini. Jury ya Temeke ningeiamini kwa mengi.

Kinachoniuma zaidi ni tuzo tunazozikosa kabla jaji hajakaa. Tanzania ilipeleka Maangamizi kwenye Oscar ya filamu za kimataifa mwaka 2001, halafu Vuta N'Kuvute mwaka 2022. Nchi huruhusiwa filamu moja kwa mwaka, inayochaguliwa na kamati iliyokubaliwa na waandaaji. Filamu iwe imeonyeshwa sinema siku saba mfululizo, na zaidi ya nusu ya mazungumzo yasiwe Kiingereza. Lionheart ya Nigeria iliondolewa mwaka 2019 kwa kigezo hicho: ilikuwa na Kiigbo dakika 11 tu kati ya 95. Kwa hiyo zile sinema zetu ambazo wahusika wakifika Masaki tu wanageuza Kiingereza, hesabuni dakika mapema, mkiwa bado kwenye mswada.

YouTube nayo. Filamu iliyopandishwa mtandaoni kabla ya sinema imejifungia mlango wa Oscar, na Cannes haichukui kitu kilichokwisha kuonekana intaneti. Mtandaoni pandisheni trela tu.

La mwisho ni la mafundi. Kazi nyingi za televisheni kwetu hupigwa kwa fremu (picha) 25 kwa sekunde, wakati nakala ya ukumbi wa sinema kwa kawaida ni 24. Ukibadilisha kwa kupunguza mwendo, filamu ya dakika 90 inakuwa dakika 93 na sekunde 45, sauti zinakuwa nzito kwa karibu asilimia 4, na sabtaito (maandishi ya tafsiri chini ya picha) ulizozipanga kwa saa ya zamani zinawahi kabla mtu hajafungua mdomo. Panga sabtaito upya baada ya kubadilisha, kisha itazame yote hadi mwisho, maana ukikosea, sekunde za kwanza zitapishana kidogo mno usione kitu, na dakika ya 80 zitakuwa zimeachana kwa zaidi ya dakika tatu.