Huku maji yapo, hewa haipo. Goma hewa ipo, maji hayapo

Baridi inapoingia hapa Bruxelles, ugomvi wa dirisha unaanza upya. Mwalimu anafungua, mzazi mmoja anaandika katika kikundi cha WhatsApp cha darasa kwamba mtoto atapata kifua, mwingine anamjibu kwamba bila hewa wataugua wote. Ukutani kuna kisanduku kidogo kinachopima kaboni dioksidi, yaani pumzi tunayoitoa. Hewa ya nje ina karibu sehemu 420 kwa milioni. Ikifika 900 ndani, ni wakati wa kufungua. Watoto ishirini na wachache, vioo viwili-viwili vilivyobana, mlango umefungwa ili joto lisitoke: 900 inapitwa hata kipindi hakijaisha.

Kila taa ile inapowaka nyekundu, mawazo yanakwenda Ndosho, Majengo, Katoyi, mitaa ya Goma, mji wetu wa mashariki ya Kongo, kwenye madarasa ya mbao juu ya mawe ya volkano, ambako upepo wa ziwa unaingia upande huu na kutokea upande ule. Hewa ambayo Ulaya inaihangaikia kwa mashine, kwetu inapita bure kati ya ubao na ubao. Lakini mtoto huyo wa Ndosho akitoka chooni hana tone la kunawia. Huku robine ya maji inafunguka muda wowote, na dirisha la orofa ya tatu limefungwa kwa ufunguo ili mtoto asianguke. Huku maji bila hewa, kwetu hewa bila maji. Hoja yangu ni hiyo moja.

Najua jibu litakalokuja: "Umefika Ulaya, sasa unataka kutufundisha kunawa mikono." Hapana, ndugu yangu. Goma ilinawa kabla ya Bruxelles. Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ndoo zilisimama kwenye milango ya shule, makanisa na mipaka. Mgonjwa wa kwanza alipothibitishwa Goma tarehe 14 Julai 2019, dunia nzima ilidhani mji umekwisha. Mji mkubwa kiasi kile, Gisenyi ya Rwanda pale ng'ambo ya kizuizi, uwanja wa ndege, bandari. Wagonjwa waliothibitishwa mjini walikuwa 4, mlipuko ukakatika. Machi 2020 Wabelgiji walipokuwa wakionyeshwa kwenye televisheni jinsi ya kusugua katikati ya vidole, watoto wa Birere walikuwa wanalijua hilo kwa moyo. Fahari hiyo ni yetu, na siogopi kuisema mbele ya Mzungu yeyote.

Kinachoniuma ni kwamba magari ya riposti, yaani vikosi vya kupambana na Ebola, yalipoondoka, maji yaliondoka nayo. Ndoo zilibaki, tupu, robine zimevunjika. Kisha ikaja corona, na kila mtu akauliza swali moja tu: shule zifungwe au zifunguliwe?

Tukumbuke tarehe. Shule zilifungwa nchi nzima tarehe 19 Machi 2020. Wanafunzi wa miaka ya mwisho walirudi tarehe 10 Agosti ili wafanye mitihani. Wengine wote walingoja mpaka tarehe 12 Oktoba. Tarehe 18 Desemba zikafungwa tena mpaka tarehe 22 Februari 2021. Halafu tarehe 22 Mei volkano ya Nyiragongo ikapasuka, na mnajua wenyewe. Ubelgiji ilisimamisha masomo tarehe 16 Machi 2020, na kufikia katikati ya Mei madarasa ya kwanza yalikuwa yamerudi. Wao walikuwa na wagonjwa wengi zaidi kuliko sisi, na watoto wao walirudi mapema zaidi. Huku mtoto alifuata somo kwenye kompyuta. Kwetu kulikuwa na masomo ya Radio Okapi, kazi nzuri, lakini redio haisahihishi daftari.

Wazazi wa Goma waliogopa kurudisha watoto, na siwalaumu. Darasa la watu sabini tangu elimu ya msingi kuwa ya bure Septemba 2019, benchi la wawili linakaliwa na wanne, halafu unasikia kuna mgonjwa mtaani kwenu. Hofu ni haki. Ila hofu ile ilielekezwa kwenye tarehe ya kufungua iliyopangwa na serikali ya Kinshasa, wakati ingeelekezwa kwenye pipa la shule. Tufanye hesabu.

Shule ya watoto 600. Kila mtoto anawe mara 3: akifika, akitoka chooni, na kabla ya kula. Ukifunga robine wakati wa kusugua, nusu lita inatosha kila mara. Hiyo ni lita 1.5 kwa mtoto, lita 900 kwa shule, bidoni (madumu) 45 za lita 20 kila siku. Ukimwonyesha direkta wa shule bidoni 45, atakuambia haiwezekani, na kweli zikija zote kwa chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo, kutoka ziwani ni safari za kutosha. Ndiyo maana ndoo moja ya lita 20 mlangoni ni pambo: watoto 40 wakishanawa imekwisha, na wa 41 anapita mikono mikavu.

Lakini igawanye hesabu hiyohiyo kwa mtoto mmoja. Lita 1.5 kwa siku, siku 24 za shule kwa mwezi, ni lita 36: hata bidoni 2 hazijafika. Na lita 1.5 ni chupa moja ya plastiki ya kawaida. Mtoto akija na chupa yake kila asubuhi na kuimimina katika pipa la mlangoni, shule imepata maji yake bila mfadhili na bila mchango wa pesa, ambao katika shule ya msingi ya serikali hauruhusiwi. Wa mwaka wa kwanza alete nusu chupa, wa sita azibe pengo. Wengine hawataleta; weka mapipa yenye akiba ya siku 2 ili kutoleta kwao kusikatishe kunawa.

Maji hayo yatakuwa ya kila aina: ya Regideso (shirika la maji la serikali), ya ziwa, ya mvua. Yamwagwe kupitia kitambaa kisafi kilichokunjwa mara nne, na pipa lifunikwe. Lita 900 za siku moja zinaenea katika mapipa 5 ya lita 200, mbali na yale ya akiba; yawekwe juu ya mawe kufikia kiuno cha mtu mzima, ili maji yashuke yenyewe kwenye bomba lenye robine 10. Hapo pia kuna hesabu ambayo wengi huisahau. Mtoto mmoja anachukua nusu dakika. Watoto 600 kwenye robine moja ni saa 5, yaani asubuhi yote. Kwenye robine 10 ni nusu saa. Shule ikigawa masomo, 300 asubuhi na 300 mchana, ni dakika 15, na benchi la wanne linarudi kuwa la wawili.

Kinachoharibika kwanza si pipa, ni robine. Mpira wake wa ndani unaisha, maji yanadondoka usiku kucha, asubuhi pipa ni tupu na lawama zinaanza. Mpira huo unakatwa kutoka kwenye chamba kuukuu, yaani mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, kazi ya dakika 2. Shule iwe na robine 3 za akiba na mtu mmoja anayejulikana kwa jina kuwa ndiye mwenye bomba.

Kuhusu klori. Riposti ilitufundisha kuamini harufu yake, na sasa kuna wazazi wasioamini maji yasiyonuka. Kwa corona sabuni inatosha, kwa sababu inavunja ngozi ya mafuta inayokifunika kirusi. Unga wa sabuni gramu 15 ndani ya chupa ya lita 1.5, tikisa, toboa kifuniko kwa msumari, na kila mtoto abonyeze mara moja. Chupa 4 zinatosha siku nzima kwa watoto 600: gramu 60 za unga, chini ya kilo 2 kwa mwezi. Klori ya mikono ibaki kwa siku ambayo sabuni imekosekana. Hapo ni gramu 15 za chembechembe za klori, zile za asilimia 65 hadi 70, yaani kijiko kimoja cha mezani kilichosawazishwa, ndani ya lita 20 za maji maangavu. Subiri dakika 30, tumia siku hiyohiyo, mwaga yaliyobaki. Isiwekwe kwenye ndoo ya chuma wala juani, na isichanganywe na sabuni. Vijiko 10 kwa lita 20 ni ya kuoshea choo na sakafu. Hiyo isiguse mikono ya mtoto. Wakati wa Ebola kuna mahali ndoo hizo mbili zilichanganywa, na ngozi zilipasuka. Ngozi iliyopasuka ni mlango wazi kwa magonjwa mengine. Tena klori inatoboa rangi ya bluu ya sketi na suruali, na mama aliyeharibiwa sare moja hatakusikiliza mara ya pili.

Kuna watakaosema: mvua tunayo, kwa nini kubeba chupa? Ni kweli, shule inapofunguliwa Septemba mvua imeanza. Paa la mita 10 kwa 10, mvua ya milimita 10, ukitoa kinachopotea unapata lita 800, karibu mahitaji ya siku nzima. Lakini manjanja yetu, yaani mabati ya paa, yanabeba vumbi na majivu, kwa hiyo maji ya dakika za mwanzo yamwagwe. Na mvua iliyopita ndani ya moshi wa Nyiragongo inashuka na asidi na floridi. Inafaa kwa mikono. Ya kunywa isitoke humo, hata iwe angavu namna gani, kwa sababu kuchemsha hakuondoi floridi.

Sasa hewa, ile ambayo nimesema tunayo bure. Tunayo mpaka mvua inyeshe. Mvua ikianza kupiga juu ya manjanja, madirisha ya mbao yanafungwa yote, darasa linakuwa giza, na mwalimu anapaza sauti ili asikike, huku kirusi cha corona kikisafiri vizuri zaidi katika sauti kubwa. Watoto sabini katika giza bila upepo ni hali mbaya kuliko darasa lolote la Bruxelles. Dawa yake ni bawaba. Dirisha likiwa na bawaba ubavuni, linafunguka kama mlango na mvua inaingia. Hamisha bawaba ziende juu, dirisha lisukumwe nje kwa chini na kushikiliwa na kijiti, linakuwa kipaa kidogo: mvua inateleza nje, hewa inaingia. Seremala mmoja anageuza madirisha ya shule nzima kwa misumari na bawaba zilezile.

Barakoa zikitakiwa tena, kwa kifupi: kila mtoto awe na 2, moja imevaliwa, moja inakauka. Ikiwa moja tu, jioni haifuliwi, na mapumzikoni inabadilishanwa kama karanga.

Kile kipimo cha joto cha kipaji cha uso kinadanganya zaidi ya tunavyokubali. Mtoto aliyepanda kutoka Himbi juani ana ngozi ya moto. Akae kivulini dakika 10, jasho lifutwe, ndipo apimwe. Akiwa na 38 bado tuko Kivu: malaria ndiyo ya kwanza kufikiriwa, na apelekwe kituo cha afya apimwe. Kumtangaza mbele ya wenzake ni kosa kubwa, kwa sababu kesho mwenye homa atapewa parasetamoli asubuhi na kuletwa shuleni akiwa "mzima".

Atakayesema kwamba haya yote ni kazi ya serikali, nakubaliana naye bila kusita. Kodi tunalipa, na mtoto wa Goma anastahili robine kama mtoto wa Bruxelles. Nimeudhika na hilo kama wewe. Lakini mpox, ile ndui ya nyani, ilipoenea Kivu mwaka 2024, na tarehe 14 Agosti Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura, shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na ndoo zilikuwa tupu vilevile kama mwaka 2020. Na mpox inapenda ngozi kugusana na ngozi; kwa ugonjwa huo, watoto wanne kwenye benchi la wawili ndio tatizo la kwanza, upepo wa ziwa hautuokoi. Kila kirusi kina njia yake. Maji na nafasi vinahitajika kwa vyote.

Na yule atakayeniambia nirudi nibebe bidoni mwenyewe kabla ya kuandika, sina ugomvi naye. Anayebeba ana haki ya kwanza ya kusema. Namwomba tu, siku mgonjwa mwingine atakapotajwa mtaani na wazazi wakakusanyika mbele ya ofisi ya direkta, kabla ya kuuliza kama shule itafungwa, aulize pipa lina lita ngapi asubuhi ya leo, robine ngapi zinatoa maji, na nani alibadilisha mpira wa ile inayovuja.