Mwacheni stelingi afanye kazi yake

Kuna watu wakija kuangalia muvi wanakuja na rula. Juzi tumebanana kibanda umiza, feni inazunguka kama inaombwa, kwenye skrini kuna ile Fast & Furious ya 2011. Magari mawili yanaburuza kasiki zima la hela kwenye mitaa ya Rio de Janeiro. Kimya. Hata muuza karanga kasimama mlangoni. Mara sauti benchi la nyuma: "Sasa uzito wote huo, zile kamba hazikatiki?"

Kaka, umelipa mia tano kama sisi. Ulidhani umekuja kwenye taarifa ya habari?

Schwarzenegger kwenye Commando ya 1985 alimning'iniza mtu mzima juu ya genge kwa mkono mmoja, na sisi watoto hatukuuliza bega linauma au la. Tulishangilia, tukarudi nyumbani tukavunja vijiti vya uzio wa bibi.

Mimi kinachonikera ni muvi inayojivunjia sheria zake yenyewe. Stelingi kawalaza watu thelathini kwa ngumi, halafu anahangaishwa na mmoja kimbaumbau eti kwa sababu dakika hazijaisha. Hapo lalamika, nami nitakusaidia.

Lakini fizikia? Na jamaa huyo huyo jioni anaangalia tamthilia, mchawi anageuka moshi, katulia tuli, uji mkononi!

Kasiki lilipoanza kubomoa magari ya polisi, nani aliruka juu ya benchi akipiga mluzi? Yeye. Karanga zangu zote chini.